Kichwa cha mtoto hakisubiri: wiki ya 6, ya 10 na ya 14

Mtoto anayezaliwa Unguja au Pemba leo, kabla hajafika miezi minne ashapita mikononi mwa watu wa afya mara kadhaa, siku ya kuzaliwa kwanza, alafu sindano za wiki ya 6, za wiki ya 10 na za wiki ya 14. Na nyumbani nako siku ya saba, kwa aliyejaaliwa kufanya akika, kichwa kinanyolewa chote na kila aliyekuja kumpa mzazi hongera anakiona. Sasa mtoto huyo huyo akifika kwa daktari wa ubongo ana miaka mitatu, na kichwa chake hakikuwa sawa tangu siku ile ya wembe, basi tujue kuna kitu kimekatika njiani, na kitu chenyewe sio mashine wala sio pesa. Hayo yanakuja baadae. Kilichokatika ni kwamba hakuna aliyekiangalia kile kichwa kwa juu, akakipapasa, akasema huyu apelekwe wiki hii hii.

Nazungumzia watoto ambao mifupa ya fuvu imeungana kabla ya wakati wake, maradhi yanayoitwa kraniosinostosisi, na upasuaji wa kuwarekebisha kichwa na uso. Upasuaji huu dunia inaujua vizuri saivi, lakini una sharti moja gumu khasa, unataka mtoto aje mapema. Na sisi hapo ndo tunapokosa.

Fuvu la mtoto mchanga sio mfupa mmoja, ni vipande vipande na kati yao kuna maungio laini, na pale maungio yanapokutana juu ndo utosi ule unaopwita. Maungio yale yapo kwa kazi mbili, mtoto apite kwenye njia ya uzazi bila kuumia, na ubongo upate nafasi ya kukua. Na ubongo unakua kwa kasi ambayo watu wengi hawaifikirii, unazaliwa una gramu kama 350 mpaka 400 hivi na mtoto akitimiza mwaka umeshazidi mara mbili ya hapo. Mzunguko wa kichwa unatoka sentimita 34 au 35 kufika kama 46 katika mwaka huo huo mmoja. Mfupa haukui wenyewe tu kwa kupenda, ubongo ndo unausukuma na mfupa unafuata. Ungio moja likifunga mapema ubongo hausimami, unaendelea kukua, ila unaelekea kule ambako bado kuna njia. Daktari wa Kijerumani Rudolf Virchow aliiandika kanuni hii tokea 1851, kwamba fuvu linakataa kupanuka upande unaokatiza ungio lililofunga na linazidi kurefuka upande mwengine kufidia, na mpaka leo ukiangalia kichwa kwa makini unaweza kujua ungio gani limefunga hata kabla ya kipimo.

Likifunga lile la katikati linalotoka mbele kwenda kisogoni, kichwa kinakuwa kirefu na chembamba kama dau lililopinduliwa, na hili ndo linaloongoza, karibu nusu ya watoto wote wenye maradhi haya ni la hapo na wengi wao ni wanaume. Likifunga la paji la uso, paji linachongoka mbele na macho yanasogeleana. Likifunga lile linalokatiza juu kutoka upande wa sikio, kwa upande mmoja, utaona paji upande ule limelala, jicho limevutwa juu, pua imeenda upande. Yakifunga yote mawili kichwa kinakuwa kifupi na kirefu kwenda juu. La nyuma kisogoni ni nadra. Kwa hesabu zilizopimwa Ulaya na Marekani ni mtoto mmoja kati ya 2,000 mpaka 2,500, yaani kila watoto elfu kumi wanaozaliwa wanne au watano. Zanzibar kwa sensa ya 2022 tupo watu 1,889,773 na tunazaa makumi ya maelfu ya watoto kwa mwaka. Tukifanya hesabu ndogo kabisa ya watoto elfu arobaini tu, hao ni 16 mpaka 20 kila mwaka, ni darasa dogo la skuli. Wako wapi? Wapo majumbani, wamevishwa kofia.

Mama akisema "mbona kichwa cha mwanangu hakijakaa", anajibiwa na watu anaowaheshimu. Mkwe anamwambia "mwanangu, hicho ni kichwa cha kina baba yake, hata marehemu babu yake alikuwa hivo hivo, kitakaa." Bibi anapasha mafuta, anakikanda asubuhi na jioni, anakibana huku na huku akitaraji kiumbike. Akifika kliniki anaambiwa uzito mzuri, mama usiwe na wasiwasi. Nimeyasikia haya kwa mzazi mmoja wa Pemba ambaye ni mtu wangu wa karibu, na kila aliyemjibu alimjibu kwa mapenzi, wallahi hakuna aliyemtakia mtoto mabaya. Lakini mwezi wa nne ukapita, wa sita ukapita, na kila mmoja alikuwa anamtuliza tu.

Na hili la kukanda niliseme wazi bila kumvunjia mtu heshima. Mfupa ulioungana haufunguki kwa mafuta wala kwa mkono. Kichwa kilichobondeka kwa kuzaliwa kinarudi chenyewe ndani ya wiki chache, ndo mana bibi zetu wana ushahidi wa kuwa kukanda kunasaidia, walikanda vichwa ambavyo vingerudi hata bila wao. Kile kilichofunga hakirudi, kila mwezi kinazidi. Lakini mkono wa bibi ndo mkono wa kwanza unaomuosha mtoto, na mara nyingi ndo wa kwanza kugusa ule utuko, lile tuta gumu la mfupa juu ya ungio lililofunga. Mimi ningependa bibi aendelee kumshika mtoto kichwa, ila akilikuta tuta asilibane, amwite mama akamwambia nenda spitali.

Sasa sio kila kichwa kilichopinda ni maradhi haya, na hapa pana umuhimu mkubwa mana kuchanganya kumeshaua watoto. Mwaka 1890 daktari Lannelongue kule Paris alianza kukata fuvu za watoto akiamini anaupa ubongo nafasi, na Marekani wakafuata. Mwaka 1894 Abraham Jacobi, daktari mkubwa wa watoto wa New York, akasimama akaeleza kuwa katika watoto 33 waliopasuliwa 15 walikufa, na upasuaji ukaachwa kwa miaka mingi. Wengi katika wale watoto hawakuwa na maungio yaliyofunga kwanza, walikuwa na vichwa vidogo kwa sababu ubongo wenyewe haukukua, na hapo kumkata fuvu hakumsaidii chochote. Kosa lile la miaka mia na thelathini nyuma linatufundisha kitu kile kile leo, kumjua mtoto gani ni gani ni nusu ya matibabu.

Kuna yule aliyelalia upande mmoja tu, kisogo kimelala bapa. Huyo ni wa kawaida sana na hahitaji kisu. Muangalie kwa juu, utaona sikio la upande uliolala limesogea mbele na paji upande ule ule nalo limetoka mbele kidogo, kichwa kizima kama kimesukumwa kutoka nyuma. Anageuzwa geuzwa, analazwa kifudifudi akiwa macho na mtu yupo, shingo ikiwa ngumu inanyooshwa, na kinakaa. Kuna mwenye kichwa maji, huyu kichwa kinakua kupita kiasi na utosi unatuna, na kwa hawa Zanzibar tushukuru, tunalo jengo la upasuaji wa ubongo pale Mnazi Mmoja lililojengwa na taasisi ya Kihispania ya NED ya daktari José Piquer, lipo tangu 2014, na watoto wa kichwa maji na mgongo wazi wanatibiwa hapa hapa kisiwani badala ya kuvuka bahari. Kwa hivo watu washaanza kujua kupima mzunguko wa kichwa kwa utepe, ni jambo jema, lakini utepe huu kwa kraniosinostosisi unadanganya. Mtoto mwenye kichwa kirefu chembamba ukimzungushia utepe unapata namba nzuri kabisa, mara nyengine kubwa kuliko wenzake, mana alichokosa ubavuni amekipata urefuni. Nesi anaandika kwenye kadi, nukta inaangukia katikati ya mstari, mama anarudi nyumbani. Na utosi pia usimpe mtu amani, utosi unaweza ukawa wazi na ungio pembeni yake limeshafunga.

Ndo mana nasema jicho na mkono. Mlaze mtoto mapajani, simama juu ya kichwa chake, angalia umbo kwa juu, pitisha ncha za vidole katikati ya kichwa, kisha kutoka utosini kuelekea masikio, kisha kwenye paji. Dakika moja. Haihitaji umeme.

Turudi kwenye miezi. Kuna upasuaji wa tundu dogo, wa kutumia kamera, ulioelezwa na Jimenez na Barone wa Marekani mwaka 1998. Wanafanya chale mbili za sentimita mbili tatu hivi, wanaingiza kamera, wanatoa ule ukanda wa mfupa uliofunga, kazi inachukua kama saa moja, damu inayopotea ni kidogo na watoto wengi wanaruhusiwa kesho yake. Baada ya hapo ubongo wenyewe ndo unaofanya kazi ya kulisukuma fuvu, mtoto anavaa helmeti maalumu iliyopimwa kichwa chake, saa 23 kwa siku, kwa miezi mingi, na inabadilishwa kila kichwa kinapokua. Lakini upasuaji huu uzuri wake upo kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu minne, mana mfupa bado mlaini na ubongo bado una ile kasi. Akishapita nusu mwaka mlango huo umeshafungika kwa kiasi kikubwa.

Akichelewa kuna upasuaji wa wazi. Hapo chale inatoka sikio mpaka sikio juu ya kichwa, ngozi inafunuliwa, mifupa inatolewa, inakatwa, inapangwa upya na kufungwa kwa nyuzi au vibati vya plastiki vinavyoyeyuka vyenyewe mwilini. Vyuma vya kawaida kwa mtoto mdogo ni tatizo, fuvu linakua kwa nje na chuma kinaweza kujikuta ndani. Kwa kichwa kirefu mara nyingi ni kati ya miezi sita na mwaka, kwa paji na mfupa wa juu ya macho wengi wanapendelea miezi tisa mpaka kumi na mbili. Ni saa kadhaa mezani. Na hapa damu ndo habari yenyewe. Mtoto ana damu kama mililita 80 kwa kila kilo, kwa hivo mtoto wa kilo 7 mwili mzima ana mililita 560 tu, akipoteza 100 ni karibu moja ya tano ya damu yake yote. Kuna dawa ya kupunguza kutoka damu inaitwa tranexamic acid na inasaidia kweli, lakini watoto wengi bado wanaongezewa damu. Anatakiwa daktari wa usingizi aliyezoea watoto wachanga na kitanda cha ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, kinachomfaa mtoto. Familia nayo inatafuta ndugu wa kuchangia damu, na ikiangukia Ramadhani wachangiaji wanakuwa wachache.

Na kuna sababu nyengine ya kuharakisha ambayo wazazi hawaambiwi. Mtoto wa chini ya mwaka ukimwachia mwanya kwenye fuvu, ule utando unaofunika ubongo unaotesha mfupa mpya na mwanya unajijaza. Akishapita mwaka na nusu, miwili, uwezo huo unapungua, mwanya unaweza kubaki na unahitaji mfupa wa kuziba. Upasuaji ule ule kwa mtoto wa miaka mitatu ni mkubwa zaidi na matokeo yake ni madogo zaidi.

Sasa weka miezi hii pembeni ya kadi ya kliniki. Wiki ya 6 ni mwezi na nusu. Wiki ya 10 ni miezi miwili na kidogo. Wiki ya 14 ni miezi mitatu na kidogo. Zote tatu zimo ndani ya muda wa upasuaji ule mdogo! Sindano inayofuata ya surua na rubela ni miezi tisa, na hapo mtoto ameshaingia kwenye upasuaji mkubwa wa damu. Yaani serikali imeshalipia mama kuja, mama ameshapanda daladala na kusubiri foleni, mtoto ameshalazwa mapajani avuliwe nguo apimwe uzito, na kofia haivuliwi. Hapa ndo mimi sielewi kwa nini tunazungumzia vituo vikubwa kabla ya kuzungumzia kofia.

Kuna njia ya tatu ambayo binafsi naona inafaa kuangaliwa kwa watu wa visiwani. Claes Lauritzen wa Gothenburg, Uswidi, mwishoni mwa miaka ya 1990 alianza kuweka springi ndogo za chuma kwenye ungio lililokatwa, springi inapanua fuvu pole pole kwa miezi, alafu inatolewa kwa upasuaji mwengine mdogo. Great Ormond Street ya London nao wanaitumia. Haina helmeti. Mimi helmeti inanitia wasiwasi kwa hapa kwetu. Fikiria mtoto wa Micheweni kule Pemba, Januari, joto la kaskazi, kichwa kimefunikwa saa 23, anatoka jasho na vipele, na kila baada ya wiki chache arudi kwa fundi aliyeipima, ambaye hayupo Micheweni wala Chake. Boti mpaka Unguja, boti nyengine mpaka Dar, malazi, na baba hajaenda baharini siku hizo. Mzazi ataivua, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu. Springi inataka safari mbili tu zinazojulikana tarehe. Hayo wataamua madaktari, wanajua wanachokiweza na wasichokiweza, lakini mzazi anayo haki ya kuulizwa anaishi wapi kabla ya kuchaguliwa njia.

Na hili la kambi. Madaktari wa nje wanakuja wiki moja, wanapasua midomo wazi, watoto wanarudi nyumbani na sura zao, Mwenyezi Mungu awalipe, kazi ile inafaa kambi. Fuvu halifai kambi. Mtoto aliyepasuliwa fuvu anahitaji mtu wa kumuangalia kesho yake akivimba macho mpaka hayafunguki, mana uvimbe huo ni wa kawaida na mama asipoambiwa mapema anachanganyikiwa, anahitaji wa kumuangalia mwezi wa pili, mwaka wa kwanza, mwaka wa tano, mana fuvu linaweza kufunga tena na likifunga safari ya pili huwa linafunga kimya kimya. Kwa hivo kama kuna mfadhili anasoma, asitupe wiki. Atusaidie kusomesha daktari wa usingizi wa watoto na wauguzi wa ICU, hao wanabaki. Muhimbili kule Dar wapo MOI, taasisi ya mifupa, wana wataalamu wa ubongo, kwa kesi ngumu ndo njia ya karibu, na mimi sioni aibu yoyote Zanzibar ikisema watoto wa aina hii kumi na tano ishirini kwa mwaka wanapelekwa sehemu moja inayofanya kazi hii kila mara kuliko kila spitali kujaribu mmoja mmoja. Mikono inayofanya mara nyingi ndo salama.

Wapo wanaosema hizi ni operesheni za urembo. Kwa mtoto wa ungio moja tuseme ukweli, wengi wao ubongo unakua na wanasoma, shinikizo ndani ya kichwa linapanda kwa wachache, vipimo vya Paris vya 1982 vilionesha kama mmoja kati ya saba hivi, ila kwa wenye maungio mengi yaliyofunga ilikaribia nusu. Sio idadi ya kupuuza, mana shinikizo hilo linaua neva za macho na mzazi haoni. Lakini hata wale sita waliobaki, sikubali neno urembo. Mtoto anakwenda chuo cha Kurani, anakwenda skuli, anaitwa jina la kichwa chake mpaka anaoa. Kumrudishia mtoto paji la uso sio sawa na kubadilisha pua kwa kuipenda ya mtu mwengine.

Na swali la dini linaulizwa kwa nia njema kabisa, "huku si kubadilisha alichoumba Mungu?" Sisi sio wa kwanza kuuliza. Sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua kwenye vita vya Kulab, akaweka pua ya fedha ikanuka, na Mtume (S.A.W) akamwamuru aweke ya dhahabu, na dhahabu kwa mwanamme imekatazwa. Wanazuoni wametumia habari hii kutofautisha kuondoa kasoro na kutafuta uzuri. Mtoto ambaye macho yake hayafungi kwa sababu tundu la jicho ni fupi, huyo hatafuti uzuri.

Na hao wapo. Kuna sindromu za Apert na Crouzon, zimeandikwa na Wafaransa hao mwaka 1906 na 1912, ambapo yanafunga maungio mengi na uso wa kati nao haukui, macho yanatoka nje, pua na koo vinabana mtoto anakoroma na kukosa pumzi usingizini, taya la juu linabaki nyuma. Wa Apert vidole vya mikono na miguu vimeungana. Hapa safari ni ya miaka, fuvu mwaka wa kwanza, mikono kuanzia mwaka mmoja hivi ili mtoto apate kushika kalamu, na uso wa kati baadae akishakua, unakatwa mfupa na kuvutwa mbele na kifaa milimita moja kwa siku mpaka macho yapate nyumba na pumzi ipite. Haya yote yamefunguliwa na Paul Tessier, alifanya kazi spitali ya Foch karibu na Paris, akashirikiana na daktari wa ubongo Gérard Guiot kupitia ndani ya fuvu kuufikia uso, kitu ambacho wengine walikiogopa kwa sababu ya kuingiza vijidudu vya pua kwenye ubongo. Alipoonesha kazi yake Roma mwaka 1967 ndo fani hii ikazaliwa.

Kwenye Apert kuna jambo naliomba lisikike vizuri kwenye kila nyumba. Mtoto akizaliwa hivi kwetu anaangaliwa mama. Alikula nini, alipita wapi usiku, alimcheka nani, kwao kuna nini. Mwaka 1996 watafiti wa Oxford walichunguza familia 57 zenye mtoto wa Apert ambapo wazazi wenyewe ni wazima, na mabadiliko ya jeni yalitoka upande wa baba kwa wote 57, hakuna hata mmoja wa mama, na uwezekano unaongezeka umri wa baba ukipanda. Baba naye hana kosa, hakuna alichokifanya, ni mbegu zinavyojinakili kwa miaka. Lakini yule mwanamke aliyerudishwa kwao na mtoto wake mkononi alionewa, na anayeijua khabari hii aende akamwambie.

Ninachokitaka kiko wazi na ni kidogo. Kadi ya kliniki iwe na sehemu ya umbo la kichwa, ijazwe wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kofia ikiwa imevuliwa. Wale wahudumu wa kujitolea wa Jamii ni Afya wanaopita majumbani na simu zao wafundishwe kuangalia kwa juu na kupiga picha, kwa ruhusa ya mzazi, imfikie daktari wa ubongo siku hiyo hiyo, mana kwa maradhi haya picha moja nzuri ya juu inampa daktari nusu ya jibu na CT skani inasubiri kwa mwenye kustahiki, sio kila kisogo bapa kipigwe mionzi. Makunga na bibi waitwe, waoneshwe tuta ni lipi. Na rufaa ya kutoka Pemba iandikwe tarehe ya miadi, isiwe karatasi ya "nenda Mnazi Mmoja" mama akifika anaambiwa rudi mwezi ujao, huo mwezi ndo uliokuwa wake.

Na wenye watoto ambao wameshapita, wana miaka mitatu, mitano, minane, mnaosoma hapa na moyo unawauma, msibaki nyumbani. Upasuaji kwa umri huo bado upo kwa anayeuhitaji, ila kabla ya hilo mpelekeni kwa daktari wa macho atazame nyuma ya jicho kwa dawa ya kupanua mboni. Akikuta neva imevimba hiyo ni alama ya shinikizo na ni dharura, hata kama mtoto anacheza na haumwi na kichwa, mana neva hiyo ikishakauka uoni uliopotea haurudi, na ikikutwa bado imevimba tu kuna muda wa kumuokoa macho. Asipokutwa na kitu arudishwe tena kila mwaka mpaka daktari aseme basi. Anayekoroma sana usiku na kushtuka kutafuta pumzi asemwe kwa daktari kwa jina hilo hilo, anakosa pumzi, sio anakoroma tu. Na ambaye macho hayafungi vizuri akilala atiwe dawa ya mafuta ya macho usiku huu huu.